Baada ya Shambulio la Moyo: Namna ya Kuzuia la Pili kwa Wakazi wa Tarime na Serengeti

Mgonjwa anapotoka wodini akiwa hai baada ya shambulio la moyo, ndugu humshukuru Mungu, huchinja mbuzi, na wengi huamini kwamba ugonjwa umekwisha. Ukweli wa kitabibu ni tofauti. Hatari iliyomleta hospitali bado imo mwilini mwake, na ni kubwa zaidi katika miezi 12 ya kwanza. Habari njema ni kwamba sehemu kubwa ya hatari hiyo inaweza kupunguzwa kwa dawa chache zisizo ghali na kwa mabadiliko ya maisha yanayowezekana Mugumu, Sirari, Nyamongo au kijiji chochote cha mkoa wa Mara. Makala haya yanaeleza mabadiliko hayo ni yapi, yanafanyaje kazi, na yanakwama wapi. Yameandikwa kwa ajili ya mgonjwa na familia yake, na pia kwa mhudumu wa zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya, ambaye ndiye atakayekutana na mgonjwa huyo mara nyingi kuliko daktari bingwa.

Mfano wa mgonjwa

Tuanze na mfano ambao nimeuunda kutokana na wagonjwa wengi, si mtu mmoja. Mfugaji wa miaka 58 anapata maumivu makali ya kifua alfajiri akiwa zizini. Jasho linamtoka, mkono wa kushoto unakuwa mzito. Kwa siku mbili anatibiwa kama mwenye vidonda vya tumbo. Siku ya tatu anafikishwa hospitali kubwa, anapimwa umeme wa moyo, na shambulio la moyo linagunduliwa. Anatibiwa, anapata nafuu, na baada ya wiki moja anarudishwa nyumbani na dawa za aina nne za mwezi mmoja.

Mwezi unapokwisha anajisikia mzima. Duka la dawa lililo karibu lina dawa mbili tu kati ya nne. Ananunua hizo mbili, kisha moja, kisha haendi tena. Mgongo unapomuuma kwa kufuata ng'ombe, ananunua diklofenaki. Ugoro hajauacha, kwa kuwa daktari alimuuliza kuhusu sigara tu, na yeye havuti sigara. Mwezi wa saba anaanguka malishoni, na safari hii hafiki hospitali.

Katika mfano huu hapakukosekana mtambo wa gharama kubwa wala upasuaji. Vilivyokosekana ni maelezo ya kutosha, dawa za bei nafuu zinazopatikana kila mwezi, na mtu wa kuuliza, "Mzee, mbona hukuja kuchukua dawa?"

Mfano huu hauko mbali na hali halisi ya dunia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 17.9 walikufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa kimataifa uitwao PURE uliangalia watu waliokwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi. Katika nchi za kipato cha chini, takriban watu 8 kati ya 10 hawakuwa wakitumia hata dawa moja ya kuzuia shambulio la pili. Hapa nyumbani, tafiti zilizofanyika Moshi zimeonyesha kwamba shambulio la moyo mara nyingi halitambuliwi, na kwamba wengi wa wanaolipata hawapewi hata aspirini.

Kwa nini shambulio hurudi?

Moyo hulishwa na mishipa yake yenyewe, inayoitwa mishipa ya koronari. Kwa miaka mingi lehemu, yaani mafuta ya kolesteroli, hujikusanya ndani ya kuta za mishipa hiyo na kufanya utando mnene. Siku moja utando huo hupasuka. Mwili huuchukulia mpasuko huo kama jeraha, na chembe sahani za damu hukimbilia hapo na kugandisha damu. Donge hilo huziba mshipa, na sehemu ya msuli wa moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa ndani ya dakika chache.

Hapa kuna mambo matatu ambayo mgonjwa anapaswa kuyaelewa. Kwanza, utando wa lehemu haukai sehemu moja tu. Mshipa mmoja ukizibuliwa, iwe kwa dawa ya kuyeyusha donge au kwa kuwekewa stenti, mishipa mingine bado ina utando unaoweza kupasuka. Pili, msuli uliokufa haurudi. Mahali pake huwa kovu, na moyo wenye kovu kubwa unaweza kudhoofika na kushindwa kusukuma damu, au kupiga bila mpangilio. Tatu, sababu zilizojenga utando huo, yaani tumbaku, shinikizo la juu la damu, kisukari, lehemu nyingi na unene wa kitambi, haziondoki kwa sababu tu mgonjwa alilazwa.

Kwa hiyo kujisikia vizuri si dalili ya kupona ugonjwa wa mishipa. Dawa za baada ya shambulio hazikusudiwi kuondoa maumivu ya leo. Zinakusudiwa kuzuia tukio la kesho.

Dawa na kazi ya kila moja

Wagonjwa hunywa dawa kwa uaminifu zaidi wanapojua kila kidonge kinafanya nini. Mhudumu atumie dakika tano kueleza haya.

Aspirini ya kiwango kidogo, miligramu 75 hadi 100 kwa siku, hupunguza uwezo wa chembe sahani kushikamana. Kwa mtu aliyekwisha kupata shambulio, hupunguza matukio mapya makubwa ya moyo na mishipa kwa takriban moja ya tano. Kwa kawaida hutumiwa maisha yote. Watu wengi husema "inayeyusha damu". Ni usemi wa kueleweka, lakini si sahihi, na huwafanya wengine waogope kwamba damu yao "itakuwa maji". Aspirini inaizuia damu isigande ovyo. Damu yenyewe inabaki kuwa damu.

Klopidogreli hufanya kazi inayokaribiana na hiyo kwa njia nyingine. Huongezwa juu ya aspirini kwa kipindi maalumu, mara nyingi miezi 12. Kwa aliyewekewa stenti, kuacha dawa hii mapema bila idhini ya daktari ni hatari kubwa, kwa kuwa stenti yenyewe inaweza kuziba ghafla.

Dawa za kundi la statini, kama atorvastatini, hupunguza lehemu mbaya na kuuimarisha utando ili usipasuke. Kila lehemu mbaya inaposhuka kwa milimoli 1 kwa lita, hatari ya tukio kubwa la moyo na mishipa hupungua kwa takriban moja ya tano. Baada ya shambulio kinachotakiwa ni kiwango cha juu, atorvastatini miligramu 40 hadi 80 kwa siku, ikiwa hakuna kizuizi. Mgonjwa hapaswi kunyimwa statini kwa sababu tu kituo hakina kipimo cha lehemu. Aliyepata shambulio la moyo anastahili statini hata kama kipimo chake kinaonekana cha kawaida.

Dawa za kundi la enalaprili na lisinoprili hushusha shinikizo la damu na kuulinda msuli wa moyo usitanuke na kudhoofika. Zinaweza kuleta kikohozi kikavu. Mgonjwa akikohoa hivyo, asiache kimyakimya. Arudi kituoni, na anaweza kubadilishiwa losartani. Inapowezekana, figo na madini ya potasiamu vipimwe kabla ya kuanza na wiki moja hadi mbili baadaye.

Dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama bisoprololi, karvediloli na metoprololi, ni muhimu sana kwa mgonjwa ambaye moyo wake umedhoofika. Kwa yule ambaye nguvu ya moyo imebaki ya kawaida, tafiti za miaka ya karibuni zimeleta mjadala kuhusu ukubwa wa faida yake, hivyo daktari ataamua zitumike kwa muda gani. Jambo lisilo na mjadala ni kwamba dawa hizi hazikatishwi ghafla. Kukatisha ghafla kunaweza kuamsha maumivu ya kifua au shambulio jingine.

Ili kupunguza idadi ya vidonge, zipo pia dawa zinazounganisha aspirini, statini na dawa ya shinikizo katika kidonge kimoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu watu waliopata shambulio la moyo ulionyesha kwamba waliotumia kidonge cha namna hiyo walipata matukio makubwa ya moyo machache kwa takriban robo, wakilinganishwa na waliopewa matibabu ya kawaida. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliingiza vidonge hivyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Mahali ambapo havijapatikana, dawa zilezile zikitolewa moja moja zinatosha, mradi zinywewe.

Tahadhari kwa mhudumu wa afya

Mgonjwa wa moyo katika wilaya hizi mara nyingi ana magonjwa mengine, na dawa hukutana mwilini. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye ritonaviri asipewe simvastatini. Atorvastatini inaweza kutumika kwa kiwango cha chini na kwa uangalizi. Anayetumia dolutegraviri pamoja na metformini asizidishe miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za moyo na shinikizo, kwa hiyo shinikizo la mgonjwa lifuatiliwe kwa karibu kipindi chote cha tiba hiyo, na tena anapoimaliza. Mwanamke anayeweza kushika mimba aelezwe mapema kwamba enalaprili, losartani na statini hazifai katika ujauzito, na asaidiwe kupanga uzazi. Mwenye historia ya vidonda vya tumbo apewe dawa ya kulinda tumbo. Kwa anayetumia klopidogreli, pantoprazoli hupendelewa kuliko omeprazoli.

Dawa za kuepuka

Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni huuzwa katika karibu kila duka la dawa muhimu, na wakulima, wafugaji na wachimbaji huzitumia sana kwa maumivu ya mgongo na viungo. Kwa mtu aliyepata shambulio la moyo, dawa hizi huongeza hatari ya shambulio jingine, hupandisha shinikizo, huumiza figo, na zikichanganywa na aspirini huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Ibuprofeni inaweza pia kuizuia aspirini isifanye kazi yake. Kwa maumivu ya kawaida tumia parasetamoli, na umwambie muuzaji kabla hajakuhudumia: "Mimi nina ugonjwa wa moyo."

Lipo jambo jingine ambalo wanaume huona haya kulisema. Sildenafili na dawa zinazofanana nayo, zinazouzwa kama dawa za nguvu za kiume, zikikutana na dawa ya moyo inayowekwa chini ya ulimi au vidonge vya kundi hilo la nitrati, shinikizo la damu linaweza kuanguka ghafla na mtu akafa. Mhudumu amuulize mgonjwa faraghani na bila kumcheka. Mgonjwa naye asinunue dawa hizo kwa siri. Zile zinazouzwa kama za mitishamba pia zinaweza kuwa zimechanganywa na dawa hiyohiyo.

Tumbaku, bangi na mirungi

Mvutaji anayeacha kabisa sigara baada ya shambulio hupunguza hatari yake ya kufa kwa takriban theluthi moja. Katika mambo yote yaliyo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, hili linakaribia kuwa kubwa kuliko yote, na halimgharimu hata shilingi.

Katika Mara hatuwezi kuishia kwenye sigara. Tumbaku hulimwa katika mkoa huu, na hutumiwa kwa njia nyingi, ikiwamo ugoro, hasa na wazee wa kiume na wa kike. Kwa hiyo swali lisiwe "Unavuta sigara?" bali "Unatumia tumbaku ya aina yoyote, ya kuvuta, ya kunusa au ya kuweka mdomoni?" Nikotini huongeza kasi ya moyo na kubana mishipa ya damu kwa njia yoyote inayoingilia mwilini.

Wilaya ya Tarime inajulikana pia kwa kilimo cha bangi, na wakazi wa mpakani hukutana na mirungi. Vyote viwili vimekatazwa kisheria, na ndiyo maana wagonjwa huvificha. Lakini moyo haujui sheria. Bangi huongeza kasi ya moyo na mahitaji yake ya hewa safi, na moshi wake hupunguza hewa hiyo. Mirungi hubana mishipa na kupandisha shinikizo. Kwa mtu mwenye mishipa iliyokwisha kuugua, kila kimoja kinaweza kuwa chanzo cha shambulio. Mhudumu auulize kama tabibu na si kama askari, na majibu yabaki kuwa siri ya tiba.

Chakula cha nyumbani

Mgonjwa wa Mara hahitaji kuletewa vyakula vya kigeni. Ugali wa mtama, ulezi au mahindi yasiyokobolewa, maharage, ndizi, mchicha, mgagani, mnavu, pamoja na samaki na dagaa wa Ziwa Viktoria, ni chakula kizuri kwa moyo. Linalohitaji kubadilika ni kiasi na namna ya kupika.

Nyama ina heshima yake. Katika sherehe za Wakurya ng'ombe huchinjwa, na nyama ya kichuri huliwa kwa furaha. Simwambii mzee aondoke mezani. Namwambia ale vipande vichache visivyo na mafuta, aache mafuta meupe na ngozi, na siku nyingi za wiki ale maharage, samaki au kuku asiye na ngozi. Samli na mafuta ya mgando yapishe mafuta ya alizeti kwa kiasi kidogo. Maziwa ni mazuri, lakini anayekunywa mengi kila siku aondoe malai juu.

Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, sawa na kijiko kimoja cha chai. Chumvi isiongezwe mezani, na dagaa waliowekewa chumvi waoshwe vizuri kabla ya kupikwa. Soda na chai yenye vijiko vinne vya sukari havimfai mwenye kisukari, wala mwenye moyo uliougua. Kuhusu pombe, mgonjwa ambaye hanywi asianze kwa kusikia kwamba "ni dawa ya moyo". Gongo na pombe nyingine za kienyeji zenye nguvu hupandisha shinikizo, huudhoofisha msuli wa moyo, na humsahaulisha mtu dawa zake.

Kwa kuwa mama au mke ndiye anayeshika mwiko katika nyumba nyingi, ushauri wa chakula unaotolewa kwa baba peke yake hupotea njiani. Aje kliniki pamoja na anayempikia.

Kazi, mwendo na maisha ya ndoa

Wengi hudhani aliyepata shambulio anapaswa kukaa kitini maisha yote. Kinyume chake, mwendo uliopangwa vizuri huimarisha moyo na kurefusha maisha. Pale ambapo shambulio halikuleta matatizo mengine, mgonjwa huanza na dakika 5 hadi 10 za kutembea mahali tambarare, mara mbili kwa siku, na kuongeza dakika chache kila wiki hadi afikie angalau dakika 30 kwa siku, siku 5 za wiki. Tarime ni nchi ya vilima. Vilima viachwe hadi tambarare iwe rahisi. Kipimo chepesi ni mazungumzo: ukitembea na bado unaweza kuongea sentensi nzima, mwendo unafaa. Ukishindwa kuongea, punguza. Kifua kikiuma, simama na keti.

Katika wiki za mwanzo mfugaji asiende malishoni peke yake. Dereva wa bodaboda asubiri ruhusa ya daktari, kwa kawaida si chini ya wiki 4, kwa usalama wake na wa abiria. Kazi nzito kama kupasua mawe, kubeba magunia au kushuka mashimoni katika machimbo ya dhahabu zisirudiwe kabla ya wiki 6 hadi 8, na baada ya kupimwa. Moyo ukiwa umedhoofika sana, huenda kazi hiyo ikabidi ibadilishwe, na familia ilizungumze jambo hilo mapema badala ya kumwacha mtu achague kati ya njaa na kifo.

Tendo la ndoa huruhusiwa kwa kawaida pale mgonjwa anapoweza kupanda kilima kidogo kwa mwendo wa haraka bila maumivu ya kifua wala kukosa pumzi. Hofu, huzuni na kukosa usingizi ni kawaida baada ya shambulio, na zikizidi wiki mbili zitibiwe, kwa sababu mgonjwa aliyekata tamaa huacha dawa.

Kila hudhurio kliniki

Mhudumu hahitaji mitambo mikubwa kufanya hudhurio lenye maana. Mambo yafuatayo yanatosha:

1. Uliza kuhusu maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kuvimba miguu na mapigo yasiyo ya kawaida.
2. Pima shinikizo la damu. Lengo kwa wengi ni chini ya 130/80, ikiwa mgonjwa hapati kizunguzungu.
3. Pima uzito na mzunguko wa kiuno. Uzito unaopanda kwa kilo 2 au zaidi ndani ya siku chache ni ishara ya maji kujaa mwilini.
4. Pima sukari. Mwenye kisukari afuatiliwe kwa karibu.
5. Hesabu vidonge vilivyobaki, na uulize bila ukali ni siku ngapi vilikosekana na kwa nini.
6. Uliza kuhusu tumbaku ya kila aina, na dawa za maumivu za dukani.
7. Pima lehemu inapowezekana, wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza statini, kisha kila mwaka. Lehemu mbaya ishushwe chini ya milimoli 1.8 kwa lita. Miongozo ya Ulaya hutaka iwe chini ya 1.4.
8. Andika tarehe ya kurudi kabla dawa hazijaisha.

Kuhusu dawa kukosekana, mgonjwa apewe majina halisi ya dawa zake kwa maandishi, ili azitafute popote zilipo. Fedha zisipotosha kununua zote, asichague mwenyewe cha kuacha. Arudi aulize. Aliye na bima ya afya aihuishe kabla haijakwisha. Anayekwenda mbali na mifugo au kuvuka mpaka kwa biashara abebe dawa za siku zote za safari na wiki moja ya ziada. Na anayekwenda kuombewa aende, lakini dawa zikae mfukoni mwake. Maombi na dawa havigombani, na hakuna aliyeongezewa imani kwa kuacha aspirini.

Maumivu yakirudi

Maumivu au mkandamizo wa kifua unaozidi dakika chache, unaosambaa begani, mkononi, shingoni au tayani, pamoja na jasho baridi, kichefuchefu au kukosa pumzi, ni dharura. Wanawake, wazee na wenye kisukari wanaweza kupata uchovu wa ghafla, kukosa pumzi au maumivu ya tumbo la juu bila kifua kuuma sana. Kwa mtu aliyekwisha kupata shambulio, maumivu ya namna hii yasiitwe vidonda vya tumbo, wala jicho la mtu, hadi moyo upimwe.

Mgonjwa aketi, asitembee. Kama hana mzio wa aspirini wala hatokwi damu, atafune miligramu 300 za aspirini, sawa na vidonge vinne vya 75. Apelekwe kwa gari, akiwa na msindikizaji, kwenye hospitali iliyo karibu yenye kipimo cha umeme wa moyo. Akifika, kipimo hicho kifanyike ndani ya dakika 10. Mgonjwa asichomwe sindano ya diklofenaki na kurudishwa nyumbani. Dawa ya kuyeyusha donge ina faida kubwa katika saa za kwanza, na inaweza kutolewa hadi saa 12 tangu maumivu yaanze. Ndiyo maana siku mbili za kujaribu dawa za tumbo zinaweza kugharimu msuli wote ambao ungeokolewa.

Wakazi wa Serengeti wana hospitali teule ya Nyerere mjini Mugumu, na wa Tarime wana hospitali ya mji. Juu yake ipo hospitali ya rufaa ya mkoa mjini Musoma, kisha Bugando jijini Mwanza. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iko Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Tarime. Umbali huo ndio hoja kubwa ya makala haya. Mtambo wa kuzibua mishipa hauko karibu, lakini aspirini, statini, kipima shinikizo na mhudumu anayeuliza vinaweza kuwapo katika kila kata. Mgonjwa wa mfano wetu angeweza kuwa hai mwezi wa nane kama angekuwa navyo.

Basi wewe uliyetoka hospitali, leo angalia vidonge vyako vimebaki vingapi. Kama havifiki wiki moja, usingoje viishe. Nawe mhudumu, fungua rejesta na umtafute yule ambaye hajarudi tangu mwezi uliopita.